Kazi ya mtafiti wa usingizi na afya Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza zaidi ni wanafunzi wa kidato cha sita, madaktari walio mafunzoni, wauguzi na vijana wa takwimu wanaoishi Mwanza na kandokando ya ziwa. Baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni mistari michache, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja. Ila karibu yote yanarudi pale pale: huku kwetu mtu akisubiri kwanza ajengewe maabara yenye vitanda na kamera, atazeeka akisubiri. Anayefika mbali ni yule anayejua kupima usingizi pale watu wanapolala kweli, iwe chumba cha kupanga Mabatini, nyumba ya Kayenze au mtumbwi ulio majini.

Mtafiti wa usingizi anafanya nini hasa?

Anapima watu wanalala lini, kwa muda gani na kwa ubora gani, kisha anatafuta hayo yanahusianaje na shinikizo la damu, kisukari, uzito, afya ya akili, ajali au makuzi ya watoto. Usingizi si kitu kimoja. Una hatua tatu, N1, N2 na N3, kuanzia kusinzia hadi usingizi mzito, halafu ipo hatua ya REM, ambamo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto nyingi hutokea. Mzunguko mmoja huchukua takribani dakika 90, na usiku mzima huwa na mizunguko minne hadi sita. REM ilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwa hiyo taaluma hii bado changa.

Utakapoanza kusoma utakutana haraka na wazo la Alexander Borbély la mwaka 1982: usingizi unaongozwa na mambo mawili. Moja ni deni linaloongezeka kadiri mtu anavyokaa macho. La pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Shika mambo hayo mawili vizuri, maana tafiti nyingi utakazosoma zinauliza lipi kati yake limevurugika.

Kuhusu siku ya kazi, usijidanganye. Muda mwingi unakwenda kwenye kusafisha takwimu, kuandika maombi ya fedha na kufuatilia barua za vibali.

Ni huyo huyo anayetafiti malale?

Hapana, ingawa jina linachanganya. Malale ni ugonjwa unaoletwa na vimelea vya trypanosoma vinavyoenezwa na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi sana kando ya ziwa hili, hasa upande wa Uganda. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mgonjwa wa malale halali saa nyingi kupita wengine. Anachopoteza ni mpangilio: analala mchana, anakesha usiku, na mara nyingi anaingia REM moja kwa moja bila kupitia hatua za kawaida. Kwa hiyo wataalamu wa vimelea na wa usingizi huweza kukutana mezani. Ukienda kuzungumza na wanakijiji, eleza tofauti hii katika dakika tano za kwanza, la sivyo watakuuliza dawa ya mbung'o mpaka kikao kiishe.

Nisome nini?

Usihangaike kutafuta shahada ya kwanza yenye neno usingizi. Kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia) inakufungulia milango mingi zaidi. Baada ya hapo kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni udaktari wa tiba: miaka mitano chuoni, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha uzamili katika magonjwa ya ndani, akili, watoto, au pua, koo na masikio. Ya pili ni sayansi: shahada ya kwanza ya miaka mitatu katika biolojia, saikolojia, takwimu au fani inayokaribiana nazo, uzamili wa takribani miaka miwili (epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa katika jamii, inafaa sana), kisha uzamivu wa miaka mitatu hadi minne. Ukihesabu, njia ya sayansi inakula kama miaka tisa, na ya udaktari, ukiweka uzamili wa miaka mitatu na uzamivu juu yake, inafika kumi na mitatu. Daktari anapata faida ya kuruhusiwa kutibu. Mwanasayansi anapata miaka minne ya kuwa tayari kazini.

Utaalamu wa usingizi wenyewe unakuja juu ya msingi huo. Chuo Kikuu cha Oxford kinafundisha tiba ya usingizi kwa njia ya mtandao hadi ngazi ya uzamili, hivyo mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kina maabara ya usingizi na historia ndefu ya utafiti huu. Fundi wa vipimo anaweza kufanya mtihani wa kimataifa wa RPSGT (cheti cha mafundi wa kurekodi usingizi).

Mimi ni muuguzi, au mtu wa takwimu. Nina nafasi?

Tena nzuri. Timu moja ya utafiti wa usingizi inahitaji daktari mmoja au wawili, lakini inahitaji watu kadhaa wanaoweza kubandika elektrodi saa tatu usiku bila kumuudhi mshiriki, na angalau mmoja anayeweza kuchambua mamilioni ya namba. Huyo wa mwisho ndiye anayekosekana zaidi.

Hapa Mwanza naanzia wapi?

Anzia kwenye utafiti wa ugonjwa mwingine. Mwanza ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ina kitengo cha MITU kinachoendeshwa na NIMR pamoja na chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London, na pale kilimani kuna Hospitali ya Bugando na chuo kikuu cha CUHAS. Huko watu wanatafiti VVU, kisukari, selimundu, kichocho, malaria. Karibu kila mojawapo ina swali la usingizi ndani yake ambalo halijaulizwa.

Mifano michache. Watoto wenye selimundu huweza kushuka oksijeni usiku. Efavirenz, dawa ya VVU iliyotumika kwa miaka mingi, ilijulikana kwa kuleta ndoto kali, na baadhi ya wanaotumia dolutegravir hulalamika kukosa usingizi. Watu wa malaria wanataka kujua mtu anaingia ndani ya chandarua saa ngapi, kwa sababu mbu hamsubiri. Hilo ni swali la usingizi tayari, ila wao hawaliiti hivyo. Nenda kwa kiongozi wa mradi ukiwa na ukurasa mmoja: swali, kipimo, gharama, na kwamba hutaongeza zaidi ya dakika kumi kwa mshiriki. Ukurasa mmoja unasomwa. Kumi na tano haisomwi.

Usingizi unapimwa kwa kutumia nini?

Kwa ngazi nne, na kila ngazi ina uongo wake.

Dodoso ndilo la bei rahisi. PSQI, iliyotoka Pittsburgh mwaka 1989, ina maswali 19 na alama 0 hadi 21. Zaidi ya 5 ni usingizi mbovu. Epworth ya mwaka 1991 ina hali nane, kila moja alama 0 hadi 3, na jumla ikizidi 10 mtu ana usingizi wa mchana uliopitiliza. Sasa soma hali hizo nane ukimfikiria mama wa kisiwa cha Ukara. Mojawapo inamuuliza kama angesinzia ndani ya gari lililosimama kwenye foleni kwa dakika chache. Atakujibu kwa heshima, lakini jibu lake ni la kubuni. Kubadilisha swali kunaruhusiwa, ila kuna utaratibu: watafsiri wawili wanafanya kila mmoja kivyake, kazi zao zinaunganishwa, mtu wa tatu asiyeona asili anairudisha katika lugha ya mwanzo, kamati inakaa, kisha watu 10 hadi 15 wanaulizwa wameelewa nini katika kila swali. Ukibadilisha kimyakimya, alama zako haziwezi kulinganishwa na za mtu yeyote.

Ngazi ya pili ni shajara ya usingizi, siku 7 hadi 14. Asiyejua kusoma apigiwe simu kila asubuhi. Usimpe daftari ukategemea mtoto wake ajaze; atajaza wiki nzima Jumapili jioni.

Ya tatu ni aktigrafu, kifaa kama saa ya mkononi kinachorekodi mjongeo. Huvaliwa mkono usiotumika sana na huhesabu kwa vipande vya sekunde 30 au 60. Kinaona usingizi vizuri ila hakioni vyema mtu aliyelala kimya akiwa macho, hivyo huwapa wenye kukosa usingizi saa nyingi kuliko walizopata. Kikivuliwa na kuwekwa juu ya kabati, kinaweza kusomeka kama usingizi mtamu wa saa kumi. Ndani ya mtumbwi mambo yanageuka: mawimbi yanamtikisa aliyelala, na kifaa kinasema yu macho.

Ya nne ni polisomnografia, yaani kurekodi ubongo, macho, misuli, moyo, pumzi na oksijeni usiku kucha.

Polisomnografia inafanywaje, hatua kwa hatua?

Tenga dakika 45 hadi 60 za kubandika. Pima kichwa kwa tepu kutoka kwenye kibonyeo cha juu ya pua hadi kifundo cha kisogoni. Ikiwa ni sentimita 36, katikati ni 18, weka alama. Pima pia kutoka mbele ya sikio hadi mbele ya sikio la pili kupitia alama hiyo. Ikiwa ni sentimita 35, elektrodi ya C4 inakaa asilimia 20 ya umbali huo, yaani sentimita 7 kulia kwa katikati. Za msingi ni za upande wa kulia, F4 (mbele), C4 (katikati) na O2 (kisogoni), zikilinganishwa na M1 nyuma ya sikio la kushoto. Weka na za akiba upande wa kushoto, F3, C3 na O1, zikilinganishwa na M2 nyuma ya sikio la kulia, maana moja itaanguka saa tisa usiku na hutataka kumwamsha mtu. Za macho: moja sentimita 1 chini ya kona ya nje ya jicho la kushoto, nyingine sentimita 1 juu ya kona ya nje ya la kulia. Kisha kidevu, miguu, kifua, mikanda miwili ya pumzi, mrija wa puani na kipima oksijeni kidoleni.

Sugua ngozi kwa jeli ya kusugulia mpaka ukinzani ushuke chini ya kilo-omu 5. Halafu fanya majaribio: afumbue macho sekunde 30, afumbe sekunde 30, atazame kulia na kushoto, juu na chini, apepese mara tano, aume meno, aigize kukoroma, abane pumzi, atikise mguu. Wengi huruka sehemu hii kwa kuona usiku umeingia, kumbe hapo ndipo ungejua kwamba nyaya za macho zimebadilishana.

Yanayoharibika huku kwetu yana majina. Jasho huleta mawimbi mazito ya polepole yanayofanana na usingizi wa N3. Dawa yake ni feni, ila ikae mbali na kisanduku cha elektrodi kwa sababu inaleta kelele ya umeme. Kelele hiyo hapa ni ya hezi 50. Mashine iliyoagizwa Marekani ikiwa imewekwa kuchuja 60, utahangaika bure. Umeme ukikatika, betri ya UPS inayodumu dakika 20 haitakufikisha asubuhi, hivyo chagua kirekodi chenye betri yake. Nywele zilizosukwa si kikwazo kama mistari imeachana, lakini rasta za kubandika zilizokazwa juu ya C4 hazina ujanja. Piga simu siku tatu kabla, kabla mshiriki hajakaa kwa msusi. Hina na rangi ya kucha huweza kuvuruga kipima oksijeni, kwa hiyo uliza kuhusu harusi. Fahamu pia kwamba vipima oksijeni huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Namba nzuri isikupe usingizi wewe.

Asubuhi kazi ya kusoma inaanza. Usiku wa saa nane una vipande 960 vya sekunde 30, na kila kimoja kinapewa hatua yake. Mzoefu anamaliza kwa saa moja au mbili. Anayejifunza ajipe nusu siku. Wasomaji wawili waliofunzwa vizuri hukubaliana katika takribani asilimia 80 hivi ya vipande. Ukiona mnakubaliana asilimia 98, mmoja ananakili.

Kwa nini saa huleta matatizo mengi hivyo kwenye dodoso zetu?

Tungeruhusiwa kuandika jibu moja tu katika ukurasa huu, lingekuwa hili.

Kwanza, kitenzi. "Ulilala saa ngapi?" ina maana ya kujinyoosha kitandani, na pia ya kushikwa na usingizi. Mtu anayejinyoosha saa tatu na kukodoa macho mpaka saa sita atajibu lolote kati ya hizo mbili. Tenganisha: "Uliingia kitandani saa ngapi?" kisha "Ulipitiwa na usingizi saa ngapi?" Kwa muda, usiseme "saa ngapi" hata kidogo, sema "kwa muda wa masaa mangapi". Wazee wa visiwani wanaosema Kikerewe au Kijita, na wa bara wanaosema Kisukuma, waulizwe na mtu wa lugha yao, na maneno yawe yameandikwa kabla. Asiyabuni mlangoni.

Pili, saa yenyewe. Mshiriki anasema alilala saa nne usiku akaamka saa kumi na moja alfajiri. Mkusanyaji aliyechoka anaandika 04:00 na 11:00 kwenye kishikwambi, badala ya 22:00 na 05:00. Muda ni saa saba katika hali zote mbili! Ukaguzi wa kawaida wa kutafuta muda mfupi au mrefu kupita kiasi hautamkamata. Utakuwa na mtu mwenye usingizi mzuri wa saa saba anayelala alfajiri kama mlinzi, na saa yake ya mwili kwenye uchambuzi itakuwa imesogea saa sita. Akikosea moja tu, angalau utaona usingizi wa saa moja au wa saa kumi na tatu na utashtuka.

Dawa: mkusanyaji aandike kama alivyosikia, namba pamoja na neno la wakati (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku), na programu ndiyo ibadilishe. Kisha linganisha na aktigrafu kwa angalau mshiriki mmoja kati ya kumi.

Tatu, tarehe. "Usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, kwa mwingine ni ule unaoutangulia. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi" na ugomvi unaisha.

Wavuvi wa dagaa wanatafitiwaje?

Hawa ndio wafanyakazi wa zamu ambao hakuna kiwanda kilichowapangia zamu. Wanavua usiku kwa taa, kwa hiyo kazi ni ya siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haivuti dagaa na wengi hupumzika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Ukiwavisha aktigrafu kwa siku saba, utapata ama mkesha ama mapumziko, na utaandika hitimisho la nusu ya maisha yao. Panga siku 30, badilisha vifaa siku ya 14 kabla chaji haijaisha.

Programu nyingi za uchambuzi hukata siku saa sita mchana, kwa kudhani kila mtu yuko macho wakati huo. Mvuvi anayelala saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri anakatwa vipande viwili vya saa tatu tatu. Hamishia mkato saa kumi na mbili jioni, anapoandaa taa. Mwanga wa taa hizo nao upimwe: seli za jicho zinazoiarifu saa ya mwili huitikia zaidi mwanga wa bluu wa karibu nanomita 480, na taa nyingi nyeupe za LED hutoa mwanga wa aina hiyo kwa wingi kuliko karabai. Kipima mwanga kilichofunikwa na mkono wa koti hakipimi kitu, kwa hiyo kibandike nje ya nguo.

Faida moja ya kufanyia kazi hapa ni jua. Mwanza iko kama digrii 2.5 kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana mwaka mzima hautofautiani hata dakika 20. Mtafiti wa Ulaya analazimika kutenganisha athari ya majira ya baridi na ya kazi. Wewe hapa hilo halikuhusu.

Saa za dukani zinazoonyesha usingizi zinafaa?

Kwa mtu binafsi kujiangalia muda wa kulala, sawa. Kwa hatua za usingizi, hazitegemeki vya kutosha. Kwa utafiti, swali ni moja: unaweza kupata takwimu ghafi? Kama huwezi, kampuni ikibadilisha programu katikati ya utafiti wako, washiriki wa Machi na wa Agosti watakuwa wamepimwa kwa rula mbili.

Nahitaji washiriki wangapi?

Mfano. Unataka kuona tofauti ya dakika 30 kati ya makundi mawili, na mtawanyiko wa muda wa kulala ni dakika 75. Kwa uwezo wa asilimia 80 na kiwango cha makosa cha asilimia 5: 2 × 7.84 (namba inayotokana na viwango hivyo viwili) × (75/30)², ni watu 98 kila kundi. Ukitegemea mmoja kati ya watano kupotea, gawa kwa 0.8, upate 123. Namba ya mtawanyiko usiikope Ulaya. Fanya majaribio ya watu 20 au 30 hapa hapa. Na usiku kumi wa mtu mmoja si watu kumi. Kosa hilo bado linapita hata kwenye tasnifu.

Vibali vinapitia wapi?

Itifaki inakwenda kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako (CUHAS na Bugando wana ya pamoja), na kwenye kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Halafu barua zinashuka: mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Ukiwa mwaloni usiruke viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), hata kama una mihuri yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia takwimu zako, na kupeleka takwimu nje ya nchi kuna mkataba wake.

Utafiti wa usingizi una jambo ambalo kamati huuliza na wengi hawana jibu: aliyelala pembeni. Kirekodi sauti kinachopima kukoroma kinarekodi pia mke na mume wakiongea. Omba ridhaa ya kila mtu mzima wa chumba hicho, au tumia kifaa kinachohifadhi kiwango cha sauti tu. Na maswali ya gongo na mirungi, yanayohusu usingizi moja kwa moja, yasikae faili moja na majina.

Watu wakikataa vifaa je?

Watakataa, na wana sababu. Waya kichwani usiku zinaamsha hadithi za mumiani na za watu wasiojulikana. Bandika elektrodi kwa mwenyekiti au mtu wa BMU mchana, mbele ya watu, waone mawimbi kwenye skrini akifumba na kufumbua macho. Kifaa kiwe cheusi kisichong'aa, ili mvaaji asiporwe. Eleza wazi kwamba hakitoi damu, hakijui mtu yuko wapi kama hakina GPS, na kwamba kikizama ziwani hatalipa.

Nikigundua mtu ana tatizo kubwa?

Jibu liwe ndani ya itifaki kabla ya mshiriki wa kwanza. Pumzi kukatika usingizini hupimwa kwa idadi ya matukio kwa saa, kila tukio likidumu sekunde 10 au zaidi: chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni wastani, 30 na kuendelea ni kali. Vifaa vya nyumbani visivyopima ubongo hugawa kwa muda wote wa kurekodi badala ya muda wa kulala, hivyo hupunguza namba. Mtu wa 13 anaweza kuwa wa 17. Mashine ya kusukuma hewa, iliyoanzishwa na Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981, inafanya kazi vizuri lakini inataka umeme kila usiku. Andika na mengine: kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe ya usiku, na mtoto mwenye tezi kubwa za koo apelekwe kwa daktari wa pua, koo na masikio. Dereva wa lori au daladala anayesinzia aambiwe siku hiyo hiyo, kwa mdomo. Barua itamkuta barabarani.

Na jinamizi?

Utaulizwa kila kijiji. Mtu anaamka, anaona chumba, hawezi kujisogeza, anahisi kukabwa. Katika REM ubongo hulegeza misuli ili tusitende ndoto zetu. Akili ikiamka kabla ya misuli kuachiliwa, ndiyo hali hiyo, na hupita kwa sekunde au dakika chache. Kukosa usingizi na kulala chali huiongeza. Eleza hivyo bila kubeza maelezo ya mtu, kwa sababu ukimcheka hatakuambia mengine.

Ajira ikoje?

Mikataba ya mradi, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu. Nafasi za kudumu zipo katika taasisi za umma na vyuo, na ushindani ni mkubwa. Kabla ya kusaini soma mambo manne: mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, posho ya usiku na ya visiwani, na nani anakulipia boti. Kwa programu, jifunze R (kifurushi cha GGIR kinachambua aktigrafu) na Python. Ukijua ODK au REDCap, programu za kukusanyia takwimu, utapata kazi hata mradi wa usingizi ukiisha. Hesabu pia hifadhi: chaneli moja kwa sampuli 500 kwa sekunde, saa nane, ni karibu MB 29. Chaneli 15 zinafika MB 430 kwa mtu mmoja, na bando la simu si njia ya kuzituma.

Kazi hii haiharibu usingizi wa mtafiti mwenyewe?

Inaharibu, ukiiachia. Utafiti wa Hans Van Dongen na wenzake wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kulala saa sita kwa wiki mbili mfululizo kunashusha umakini kiasi cha kukesha hadi siku mbili, na wahusika hawakujiona kuwa wamechoka hivyo. Fundi asiwekwe zamu za kurekodi zaidi ya tatu mfululizo. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa sita usiku, kwa sababu nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Usingizi wa dakika 20 saa kumi alfajiri, mwenzako akiangalia skrini, unaruhusiwa na uandikwe kwenye ratiba. Asubuhi vifaa vikishafungashwa, mradi ulipie usafiri. Pikipiki yako ibaki kituoni mpaka mchana.